Kioo Kilichouliza Jina

Kila siku Swafiya akirudi kutoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, alikwenda kwenye kona ya sebule yao ya Biryogo na kuipangusa kompyuta ya mama yake. Vumbi la Kigali ni jekundu na halina adabu. Huingia hata mlango ukiwa umefungwa. Alipitisha kitambaa juu ya sanduku la mashine, akapuliza kibodi, akapanga karatasi kando ya printa. Kisha alifungua mlango, maana nje watu walikuwa wameshaketi kwenye benchi wakingoja.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1994. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamekomeshwa mwezi Julai, lakini mji ulikuwa bado haujapata sauti yake. Nyumba nyingi zilikuwa tupu, milango imeng'olewa, na upepo ulipopita ndani yake ulilia kama mtu anayetaka kusema neno akasita. Darasani kwa Swafiya madawati yalikuwa mengi kuliko wanafunzi. Watu wa kwenye benchi walikuja kuandikiwa barua za kuwatafuta ndugu zao. Mama alizipiga chapa, na kila Ijumaa gari la shirika la misaada lilizichukua na kuzipeleka kwenye vituo vya watoto na kambi za mbali.

Mzee Twagirayezu alikuja kila siku. Alikuwa akiwatafuta wajukuu wake wawili, Kamanzi na Keza. Barua yake ilikuwa imerudishwa: watoto wenye majina hayo ni wengi, shirika lilisema, leteni tarehe zao za kuzaliwa. Mzee hakuzikumbuka, na waliozijua hawakuwapo tena.

"Labda leo zitanijia," alisema kila mara, akaketi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Mjomba aliileta kutoka Mombasa miaka saba nyuma, ikiwa tayari imetumika. Barua ikifika ukurasa wa tatu, mashine iliganda tuli kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa ndogo. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa ameweka akiba ya faranga elfu tisa ili iongezwe kumbukumbu. Lakini Jumatatu moja kioo cha mashine kilitoa harufu ya kuungua, kikafifia, kikazimika.

Waliita fundi Silvère, mtu aliyerudi kutoka Bujumbura na kufungua kibanda cha kutengeneza redio pale Gisimenti. Alifungua kioo, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama Swafiya, hii iko imekufa kabisa. Usiizike na pesa zako. Tafuteni kioo kilichotumika, na pesa zitakazobaki mniletee ninunue vipande vya kumbukumbu. Sanduku lenu lina nafasi, linakula kidogo kwa sababu hamjaliongezea chakula."

"Na kioo kipya?" aliuliza Baba.

Silvère alicheka. "Kwa elfu tisa? Kaka, utapata waya wake."

Jumamosi, Baba na Swafiya walikwenda sokoni. Vitu vilikuwa vimetandazwa chini kwenye maturubai: viti, masufuria, picha za harusi zilizotolewa kwenye fremu ili fremu ziuzwe. Mwanamume mmoja alikuwa na kioo cha kompyuta, cha maandishi ya rangi ya chungwa.

"Umekitoa wapi?" Baba aliuliza.

"Ofisini kwangu, mzee. Elfu nne tu."

Baba alikitazama kioo, akamtazama yule mtu, akatoa pesa.

Nyumbani kioo kiliwaka vizuri. Mama alipiga makofi, na benchi la nje likajaa tena. Lakini jioni ile, saa kumi na moja, umeme ulikatika, jua la dirishani likakipiga kioo kwa ubavu, na Swafiya akaona. Ndani ya weusi wa kioo mlikuwa na maneno. Hayakuwaka, yalikuwa hafifu, kama kovu. Yalisema kwa Kifaransa: DISPENSAIRE INYENYERI, yaani Zahanati ya Inyenyeri. Chini yake: NOM, yaani jina, na nafasi tupu. Chini zaidi: NÉ LE, yaani tarehe ya kuzaliwa, na nafasi nyingine tupu.

Mashine haikuwa na umeme. Swafiya alichomoa waya ukutani, akautazama mkononi mwake. Maneno yalibaki pale pale. Vinyweleo vilimsimama.

Alipotulia, hofu ya pili ilimjia, nayo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Zahanati ya Inyenyeri aliifahamu. Ilikuwa chini bondeni, mwendo wa nusu saa. Muuzaji ametudanganya, aliwaza. Hiki kimeporwa. Na nikisema, Mama ataacha kuandika, na watu wa benchini watakwenda wapi? Alichukua kipande cha kitenge alichokatiwa na Baba, akakifunika kioo.

Toka siku hiyo, kila umeme ulipozimika Swafiya alikimbia na kitambaa.

"Mbona unaifunika kama maiti?" Mama aliuliza.

"Vumbi, Mama."

Jumanne rafiki yake Ingabire alikuja kuazima rula, akafunua kitambaa kabla Swafiya hajamzuia. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Sha! Kinauliza jina!"

"Nyamaza!"

"Usilitaje lako hapo mbele. Ukilitaja, kinakuandika." Ingabire alijaribu kucheka, kisha akaugeukia mlango. "Mimi naenda. Rula baki nayo."

Usiku Swafiya aliota nafasi ile tupu ikingoja. Mchana, alipopita karibu, alijikuta amefumba mdomo. Mama alipomwita kutoka jikoni, "Swafiya!", alishtuka na kugeukia kioo kuona kama jina lake limeingia.

Alhamisi alikuta benchini yupo mzee yule peke yake. Mzee Twagirayezu alikaribishwa ndani, akaketi mbele ya mashine, na Mama akaenda kumletea chai. Umeme ukakatika. Swafiya alikuwa uani akianua nguo. Aliacha kila kitu akakimbia, lakini jua lilikuwa limetangulia.

Mzee alikuwa ameinama mbele ya kioo, pua yake ikikaribia kukigusa. Hakuwa na hofu. Machozi yalimtiririka.

"Mwanangu," alisema polepole, "kioo hiki nakijua. Niliwapeleka Kamanzi na Keza kuchanjwa pale Inyenyeri. Nesi aliketi nyuma ya mashine akaniuliza hivi hivi: jina? Alizaliwa lini? Nikampa kadi zao, akaandika."

Mama alisimama mlangoni na kikombe mkononi. "Kioo gani, Mzee? Inyenyeri gani?"

Swafiya angeweza kunyamaza. Badala yake alimgeukia Mama.

"Mama, nilijua toka Jumamosi," alisema. "Ni cha zahanati. Nilikifunika kwa makusudi. Niliogopa utaacha kuandika."

Mama aliweka kikombe chini. Hakufoka, na hilo lilimwumiza Swafiya zaidi. Baba aliporudi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi akishika tama.

"Nilimwuliza yule mtu mara moja," alisema. "Sikumwuliza mara ya pili kwa sababu bei ilinipendeza. Kosa si la mtoto peke yake."

"Kesho ni Ijumaa, gari linakuja," alisema Swafiya. "Barua za watu je?"

"Asubuhi tunakirudisha sote," alijibu Mama. "Barua nitaziandika kwa mkono."

Zahanati ya Inyenyeri ilikuwa na paa nusu na vitanda vitatu. Nesi Mukasine, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alikuwa akiandika wagonjwa kwenye daftari la shule. Alipokiona kioo mikononi mwa Baba, kalamu ilimdondoka. Alipitisha kidole juu ya maandishi hafifu.

"Miaka sita niliketi mbele yako," alikiambia. Kisha akawageukia. "Tangu Julai, ninyi ni watu wa kwanza kunirudishia kitu."

"Ni roho gani iliyomo ndani?" Swafiya alinong'ona.

Silvère, aliyekuja nao, alicheka. "Roho ya kazi! Ukiacha maandishi yale yale yawake kila siku kwa miaka, yanaunguza unga uliopakwa nyuma ya kioo. Alama haitoki tena."

Nesi Mukasine aliwapeleka stoo. Chini ya magunia ya chokaa mlikuwa na sanduku la kompyuta ambalo waporaji hawakuliona. Silvère alilifungua.

"Kifaa cha umeme kimeungua. Lakini diski iko nzima, na daftari lake la wagonjwa limo ndani. Ni zito hili. Mashine yenu ya jana isingelibeba. Ila hizi hapa," akatoa mfukoni vipande vya kumbukumbu alivyovinunua kwa faranga elfu tano zilizobaki, "zitalibeba."

Baba alirudi nyumbani na mkokoteni, akaleta mashine yao na printa. Silvère alitia kumbukumbu, akahamishia diski ya zahanati ndani yake, akaunganisha kioo. Mzee Twagirayezu alikuwa ameshafika na fimbo yake. Mashine ilinguruma. Maandishi ya rangi ya chungwa yaliwaka, kila herufi ikakaa juu ya kivuli chake, kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake cha zamani.

NOM, kioo kiliuliza.

Safari hii Swafiya hakufumba mdomo. Aliketi, akaandika: Kamanzi. Akabonyeza. Tarehe ikatokea: tarehe tisa Machi, 1985. Akaandika: Keza. Tarehe ishirini Agosti, 1988. Mzee alizirudia kwa sauti, mara tatu, nne, mpaka Mama alipomaliza kupiga chapa barua yake. Saa nane gari la shirika lilipopita, barua ilikuwa ndani ya bahasha, na tarehe zote mbili zimo.

Walikubaliana mashine ibaki pale zahanati. Asubuhi Mama angeandika wagonjwa wa Nesi Mukasine kwa mshahara mdogo, na alasiri benchi la barua lingekuwa mlangoni pake. Nusu mbili za kompyuta mbovu zilikuwa zimezaa moja nzima, tena yenye nguvu kuliko zote mbili.

Jioni Mama alizima mashine. Jua la bondeni likaingia, na kivuli cha maneno kikajitokeza. Swafiya alinyoosha mkono kuchukua kitambaa, kisha akauacha mkono wake hewani.

"Umeona, mwanangu?" alisema Mama. "Kwa siku tano ulikifunika kioo ili kazi yangu isikwame, kumbe chini ya kitambaa ulikuwa umefunika jibu la Mzee Twagirayezu. Kitu cha mtu kikiwa mkononi mwako, hujui nani anakingoja wala kwa nini. Kirudishe kwanza, hata kama huoni utapata wapi kingine. Na ukiogopa kusema kweli, njoo uniambie kwamba unaogopa. Hapo tutakuwa wawili."

Swafiya alikikunja kitambaa, akakitia mfukoni, wakaondoka. Kioo kilibaki wazi.