Matope ya Miaka Elfu Tatu

Kila Alhamisi baada ya chai ya jioni, Nesta na mama yake, Gwenda, walifungua kompyuta jikoni wakapekua nafasi za kazi za chuo kikuu. Gwenda alifanya kazi kwenye maktaba ya mji wao wa Bangor, nchini Welisi, lakini mkataba wake ulikuwa unaisha Julai. Asipopata kazi nyingine wangehamia Liverpool, Uingereza, kwa shangazi, na Nesta angeacha shule na rafiki zake wote.

Alhamisi hiyo waliiona: karani wa kumbukumbu katika utafiti wa bahari. Gwenda alisoma sharti moja moja, akajibu, na Nesta akachapa. Mwisho wa fomu kulikuwa na swali kuhusu Kiwelisi, lugha ya wenyeji.

"Weka kiwango cha chini," Gwenda alisema, akiinuka kwenda kuuwahi mkate usiungue. "Mimi najua salamu na kuagiza chai, basi."

Nesta, aliyesomeshwa kwa Kiwelisi tangu darasa la kwanza, aliona mama anajinyima riziki. Akachagua "ninazungumza kwa ufasaha," akaituma fomu.

Wiki mbili baadaye barua ya kuitwa kwenye usaili ikaja. Gwenda alicheza jikoni, akausoma mstari wa mwisho, akaketi.

"Mbona wanasema nusu ya usaili ni kwa Kiwelisi?"

Nesta alikiri: "Ni mimi, Mama. Niliogopa watakuacha."

"We mtoto we! Unataka nikaumbuke mbele za watu?" Gwenda alivuta pumzi, akachukua koti. "Vaa viatu. Tunakwenda huko chuoni, na utasema mwenyewe."

Profesa Eirlys Pritchard, mkuu wa utafiti ule, alimsikiliza Nesta hadi mwisho. Hakukunja uso. "Njoo nikuonyeshe kitu," alisema.

Aliwaingiza katika chumba cha baridi. Rafuni yalilala mabomba mengi yaliyopasuliwa kwa urefu, yamejaa matope ya chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka. Profesa aligusa ncha ya bomba moja. "Matope hutuama kidogo kidogo kila mwaka. Hapa juu ni mwaka uliozaliwa. Hapa chini kidogo, bibi wa bibi yako. Na huku mwisho ni miaka elfu tatu. Mji huu haukuwepo."

Nesta alipigwa na butwaa. Miaka elfu tatu, naye angeweza kuikumbatia! Aliogopa hata kuipumulia.

"Na lile lililotengwa pembeni?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Lile lilibandikwa kibandiko kisicho chake. Hatujui lilitoka wapi, kwa hiyo halitufai tena, na umri wake wote huo. Karani ninayemtafuta ndiye mwandishi wa vibandiko."

Nesta aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka.

"Kiwelisi tunafundisha hapa hapa, si lazima uje nacho," Profesa alimwambia Gwenda. "Fomu itasahihishwa, na usaili wako wote utakuwa kwa Kiingereza. Jumanne utaulizwa maswali yale yale ya wenzako."

Jumanne Gwenda alikwenda, akajibu anayoyajua, na asiyoyajua akasema hayajui. Ijumaa simu ililia. Aliitikia "asante" mara tano, akaiweka chini.

"Nimepata, Nesta! Tunabaki!"

Nesta alimrukia shingoni. Gwenda alimkumbatia sana, kisha akamshika mabega.

"Najua ulifanya vile kwa kunipenda. Lakini uongo wa mapenzi ni uongo vilevile, na ungeninyima kazi ninayoiweza. Siku nyingine ukinipenda, mwanangu, niandike nilivyo."