Ukuta wa Taa Ulinionyesha Mchumba Wangu

Nina miaka thelathini na mmoja, kidato cha nne nilimaliza kwa neema tu, na kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli hapa Doha. Siku yangu ya mapumziko ni Ijumaa. Na Ijumaa, wasomaji wenzangu, mimi hulala! Kungekuwa na mashindano ya kulala, Kenya ingekuwa na medali...

Mchumba wangu Kevo ni dereva. Desemba alikuwa aje kwetu kujitambulisha kwa wazazi. Mama alikuwa ameshapaka nyumba rangi na kuwaalika mashangazi.

Huku, msichana na mvulana ambao hawajaoana wakitembea wawili, wanahisi macho ya watu. Kwa hivyo tukitoka nilimchukua Nekesa, tunayelala naye chumba kimoja cha kampuni mtaani Muaither, ili tuonekane kundi la marafiki. Kevo alikuwa akimwita "shem". Nikichoka, na ni lini sikuchoka, niliwaambia, "Nendeni tu, mniletee shawarma." Ajabu, wao wakitembea wawili, macho ya watu hayakuwasumbua! Mbona sikujiuliza?

Ijumaa moja Kevo akasema kuna maonyesho ya sanaa ya taa.

"Leo huyu lazima aamke," Nekesa akacheka. "Shem, shika miguu, mimi nishike kichwa!"

Nikaburutwa. Taa zilining'inia kama mvua iliyokatazwa kufika chini. Watu walizitazama kimya, kama wako kanisani. Mimi nilikuwa natafuta kiti...

Chumba cha mwisho kilikuwa na ukuta mweupe mtupu. Nyuma yetu, chini, kulikuwa na taa tatu za rangi, hivyo kila mtu alitoa vivuli vitatu ukutani. Nikaketi sakafuni mbele, nikavua viatu. Kevo na Nekesa walisimama nyuma yangu. Vivuli vyangu vilikuwa vifupi, kama magunia ya viazi. Nikacheka peke yangu.

Kisha nikaona vyao. Vimeshikana mikono. Chekundu, kijani, buluu... Mara tatu! Kana kwamba mara moja isingenitosha!

Sikugeuka. Nilivaa viatu polepole.

Nje nikamuuliza Kevo. Nekesa akainamia simu yake. Kevo hata hakunifokea, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Kila Ijumaa wewe ulikuwa umelala," alisema. "Yeye alikuwa anakuja."

Nekesa bado analala kitanda cha juu yangu, kwa maana kampuni haihamishi mtu kwa sababu ya moyo. Juzi Mama alipiga simu kuuliza apike wali wa watu wangapi. Nikamwambia asipike.

Dada zangu, uchovu naujua, siwezi kuwadanganya. Lakini miguu ikikuuma, mwambie mpenzi wako mkae chini pamoja. Nawasihi, msimtume mtu mwingine akawatembezee mapenzi yenu... Hatarudi nayo!