Hatua Nyuma ya Susana

Kila siku ya shule, kabla jua halijachomoza juu ya migomba ya kijiji cha Akheri, Susana alitoka kukimbia. Alifunga kamba za raba zake, akashika njia ya mashambani, akapanda kuelekea upande wa mlima. Mashindano ya shule za msingi yalikuwa yanakaribia. Mwalimu Saruni, mwalimu wa michezo, alikuwa anatafuta msichana mmoja wa darasa la saba wa kukimbia mita mia nane, na Susana aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka mibuni ya kando ya njia haikuonekana. Alipofika kwenye kona ya mfereji, akazisikia tena, kama asubuhi kadhaa zilizotangulia. Ndu, ndu, ndu. Hatua za mtu anayekimbia nyuma yake. Akaongeza mwendo, nazo zikaongeza. Akasimama ghafla na kugeuka. Njia ilikuwa tupu, lakini hatua ziliendelea kidogo, zikapungua, zikanyamaza. Nywele zikamsimama.

"Calvin?" aliita kwa sauti ndogo. "Ni wewe?"

Calvin alikuwa kaka yake. Mwaka juzi yeye ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa shule, na njia hii ilikuwa yake. Malaria ilimchukua wiki ileile ya mashindano, na tangu mazishi hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitaja jina lake. Susana alitimua mbio hadi nyumbani, roho mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uji wako huo mezani, unywe ungali moto."

Mama alipoingia bandani kukamua ng'ombe, Susana akaumwaga uji kwa kuku. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba mkimbiaji hatakiwi kuwa na tumbo zito, naye akaamini bila kuuliza mtu mzima. Mchana shuleni aliwagawia wenzake makande yake. Njaa ilipombana alikunywa chai ya rangi na kutafuna udongo, vile vipande vinavyouzwa kwa mafungu sokoni Tengeru. Siku hizi aliuonea udongo hamu ya ajabu, hata mate yalimtoka akiufikiria.

"Susana, mgomba utaota tumboni mwako!" alimtania rafiki yake, Hope.

Susana alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha juujuu tu. Zile hatua sasa zilimfuata hata mahali ambapo hakuna mtu anayekimbia. Jumapili alipanda kilima cha kanisa, akaketi kwenye benchi, nazo zikaja. Ndu, ndu, ndu, karibu na sikio. Watu wote walikuwa wamefumba macho wakiomba, naye aliogopa kufumba ya kwake.

Siku ya kuchaguliwa timu, alitangulia mzunguko wa kwanza. Katika wa pili, hatua zilimjia kwa kishindo kama za mtu anayetaka kumpita. "Niache!" alipiga kelele. Uwanja ukazunguka, akaanguka chini kama gunia.

Alipozinduka alikuwa kitandani kwenye zahanati. Mama alikuwa pembeni, khanga mdomoni, na Mwalimu Saruni alisimama mlangoni. Nesi Pudensiana alivuta kope la chini la Susana, akatikisa kichwa, kisha akamchoma kidole na kupima damu.

"Mwalimu anasema ulipiga kelele uachwe. Ulikuwa unamwambia nani, binti?"

Susana akaangua kilio. "Kaka Calvin. Ananifuata njia nzima. Nimechukua njia yake, sasa nataka na nafasi yake. Hata mama nimemchukua! Zamani watu walimwita Mama Calvin. Sasa wanamwita Mama Susana."

Mama akainamisha kichwa.

"Hatua hizo unazisikia hata ukiwa umekaa?" nesi aliuliza taratibu.

"Hata kanisani, nikishapanda kilima."

"Na chakula unakula? Udongo je?"

Akasema yote, mpaka uji wa kuku. Nesi akamshika mkono. "Damu yako imepungua sana. Moyo unasukuma kwa nguvu ili hiyo kidogo itoshe, ndiyo maana unausikia masikioni. Ni moyo wako, binti. Huo moyo ndio uliokuwa unaomba msaada."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. "Calvin naye alinificha," alisema. "Alikuwa na homa, akakaa kimya ili asiachwe kwenye timu. Tulipojua, tulikuwa tumechelewa. Nilishindwa kukuambia, Susana. Nilijiona mama mbaya. Sikiliza, mimi ni Mama Calvin mpaka nife, na ni Mama Susana mpaka nife. Hujamnyang'anya kaka yako kitu."

Mwalimu Saruni alimtoa kwenye timu siku hiyohiyo, na Susana alilia kwa uchungu. Lakini alimeza vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, akaacha udongo, akala mboga za mnafu, maharage na dagaa, na chai akaiweka mbali na chakula, maana nesi alisema huzuia chakula kuongeza damu. Mashindano yalipita bila yeye. Baadaye, nesi aliporidhika na damu yake, mwalimu alimruhusu kuanza mazoezi polepole, kwa ajili ya msimu wa sekondari.

Asubuhi ya kwanza alifika kwenye kona ya mfereji, akatega sikio. Kimya. Akangoja. Kimya kabisa. Alidhani angefurahi, lakini alikaa chini kwenye umande akalia, kwa kuwa sasa alijua Calvin hayupo kweli.

Nyumbani alimkuta mama jikoni.

"Sikumsikia, mama."

Mama akamketisha kwenye kigoda karibu naye. "Mwili wako ukikuambia kitu, njoo uniambie siku hiyohiyo, hata kama utakosa mashindano. Mashindano yapo kila mwaka. Na ukimkumbuka kaka yako, njoo uniambie pia. Tulinyamaza tukidhani tunalindana, kumbe kila mmoja alikuwa anaogopa peke yake."

Susana alizungusha kikombe cha uji mikononi, akanywa, akasita.

"Mama, Calvin alikuwa anachekaje? Nimeanza kusahau."

Mama aliweka mwiko chini. Alijaribu kucheka kama mwanawe, sauti ikakatika, machozi yakamtoka. Akajifuta kwa khanga, akajaribu tena, na mara hii akapatia.