Moshi wa Luteni Hozumi

Moshi ulikuwa umefutwa.

Mineo Kurebayashi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena na kuinama juu ya meza. Ubavuni mwa ndege, nyuma ya mabomba ya kutolea moshi, ambako jana alishinda akipaka masizi kwa brashi nyembamba kama unyoya, palikuwa safi kama sahani ya wageni.

"Chizuru! Umepangusa meza yangu?"

"Mimi?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mara ya mwisho nilipoigusa ulininunia msimu mzima. Pangusa mwenyewe, bwana."

Mineo alikuwa amestaafu idara ya taka ya halmashauri, alikotumia maisha yake ya kazi kuwaelimisha wakazi kwamba chupa na kizibo chake si taka za siku moja. Sasa aliunda ndege za plastiki. Hii ya mezani ilikuwa ya vita vya dunia vile tulivyoshindwa, seti ngumu ambayo vipande vyake vilikataa kukutana mpaka uvibembeleze kwa msasa, na Jumapili ingeingia kwenye mashindano ya chama cha waunda ndege hizo.

Aliyeiomba ni baba yake. Enzi za vita Mzee Teizō alikuwa fundi wa ndege katika uwanja mmoja wa kusini, na mwezi uliopita, akiwa kitandani hospitalini, alimshika mwanawe mkono wa shati.

"Niundie ile ya Luteni Hozumi, rubani wangu. Lakini usiizeeshe, mwanangu. Usiipake moshi. Iache safi kama nilivyomkabidhi. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa safi, na yule kijana alikuwa hai."

"Sawa, Baba. Nakuahidi," Mineo aliitikia haraka, kama mtu anayejibu simu huku anakula. Mzee akafa kabla ya wiki kwisha.

Shida ni kwamba waamuzi wa chama hawaheshimu ndege safi. Ndege safi kwao ni kidude cha mtoto. Wanataka kutu, mafuta yaliyovuja, rangi iliyobabuka, na zaidi ya yote masizi. Kwa kuwa masizi ya dukani yaling'aa kama viatu vya mwanasiasa, Mineo alikwenda mbele ya picha ya baba yake, akachota majivu yaliyochanganyika na masizi kwenye chungu cha ubani. Yalikuwa laini, na weusi wake hauuzwi popote. Alijua vizuri, kama kila mtoto aliyelelewa mtaa ule, kwamba moshi wa ubani ndio chakula cha marehemu mpaka siku ya arobaini na tisa atakapoondoka. Akajiambia kijiko kimoja hakimlazi mtu njaa.

Akapaka tena. Kesho yake moshi ulikuwa umefutwa tena, na chumba kilinuka petroli na tambara kuukuu.

Mchana wa siku iliyofuata, mvua ikinyesha, wote wawili walisikia kitambaa kikisugua plastiki nyuma ya mlango, fwi, fwi, taratibu, kisha kikohozi kifupi. Mineo alipofungua hakuona mtu, ila alipogusa kiti chake akakuta kina joto.

"Ni Baba," Chizuru alinong'ona. "Alikuwa akikohoa hivyo hivyo kabla ya kushika kazi. Mineo, kuna kitu alikuomba?"

"Hapana."

Akakisukuma kiti chini ya meza.

Mtawa waliyemwita, Ryōen, alikuja na pikipiki, amevaa koti la mvua juu ya kanzu ya hekalu.

"Halmashauri imeshamfuta kwenye orodha ya wakazi," Mineo alimwambia, kana kwamba anawasilisha malalamiko dirishani.

"Halmashauri ina haraka," mtawa alisema. "Kwetu bado ni mkazi halali. Anataka nini?"

"Sijui. Ananiharibia kazi."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa."

Mtawa alimtazama, kisha akaitazama ndege. "Naweza kumsomea aondoke mapema. Lakini akiondoka ameondoka, Bwana Kurebayashi. Huko hakuna dirisha la rufaa."

Chizuru aliukanyaga mguu wa mumewe. Mineo akauvuta.

"Msomee."

Sala ilipokwisha, harufu ya petroli ilipita kati yao polepole, kama mzee anayetafuta viatu vyake, ikatoka kupitia barazani. Chizuru alilia. Mineo, ambaye aliona aibu hata kumeza mate, alikaa kitini na kupaka moshi kwa mara ya mwisho. Safari hii ulibaki.

Jumamosi mchana alikwenda kuifunga ndege kwenye boksi akakuta moshi umesogea. Ulikuwa umetambaa kutoka kwenye mabomba ukafika bawani, na kutoka bawani ukashuka mkiani, na mbele ya macho yake rangi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na harufu iliyopanda haikuwa ya ubani bali ya nywele zinazoungua, naye akanyakua kitambaa, akasugua, na kila alipofuta weusi ulirudi kutoka chini, wa moto zaidi, mpaka vidole vikamwiva na ndipo akaelewa kwamba baba yake hakuwa akimharibia kazi hata siku moja, kwamba siku zote zile alizokaa kwenye kiti kile mzee alikuwa akiuzima moto ambao mwanawe aliuwasha kila alipopaka, ili kijana wa watu asiifikie tena ile saa yake ya kuungua na ndege yake.

"Mrudishe!" Chizuru alisema mlangoni. "Mwite mtawa, amrudishe!"

"Baba," Mineo alinong'ona, bado anasugua. "Baba, nilikuahidi. Njoo unisaidie."

Hakuna aliyekohoa.

Kioo cha chumba cha rubani, ambacho Mineo mwenyewe alikigandisha kwa gundi juu ya kiti kitupu, kilianza kuingia ukungu. Uliingia kwa ndani. Kisha katikati ya ukungu ule kidole kidogo kama punje ya mchele kikaanza kufuta, duara kwa duara, ili mwenyewe apate kuona nje.