Jina Lililogeuka Alama za Kuuliza

Maiti ililala kifudifudi katika chumba cha seva, fuvu limepasuka, damu imetambaa hadi chini ya kabati la nyaya. Kando yake ulikuwepo mtungi wa kuzimia moto, kitako kimebonyea, nywele zimegandia. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa.

"Amepigwa mara ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Tisa," daktari alijibu. "Pigo la pili tu lilitosha kumuua."

Marehemu alikuwa mkuu wa waandishi wa programu katika kampuni iliyotengeneza programu ya barua pepe. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na barua pepe ya asubuhi hiyo, kutoka anwani isiyojulikana: "Njoo chumba cha seva unieleze habari za ????????"

Mtaalamu wa maabara alivuta kiti. "Afande, barua pepe husafiri kama baiti, yaani namba tupu. Programu huzigeuza kuwa herufi. Huyu bwana aliilazimisha programu yake ijue herufi za aina moja tu. Za kigeni zote zinakuwa alama za kuuliza. Lakini baiti zenyewe zipo."

Alizisoma upya kwa programu nyingine, inayojua herufi za kila aina. Likatokea jina la mwanamke.

Hospitali iliyotumia programu hiyo ililijua jina: mgonjwa aliyefariki mwezi uliopita. Ndugu wa karibu? Dada yake, mjaribu programu wa kampuni ileile.

"Viganja vimefanyaje, dada?" Inspekta alimuuliza, akitazama bandeji zake.

"Nimejikata na sahani."

"Vyote viwili?"

Inspekta alimsogezea karatasi yenye lile jina. Mwanamke akaligusa kwa kidole.

"Mdogo wangu. Maabara iliiandikia wodi kuwa damu aliyoandaliwa haimfai. Programu ikaligeuza jina kuwa alama za kuuliza, wodi haikujua ni mgonjwa gani. Wakamwekea damu ileile. Alikufa akitapatapa, nimemshika miguu."

"Marehemu alijua?"

"Nilimripotia hitilafu hiyo mara tatu, kabla mdogo wangu hajaugua. Akasema, 'Kwani wenye majina hayo wako wangapi?' Leo nikamtajia aliyekufa. Akacheka, akanipa mgongo."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Ungemshtaki, dada. Ushahidi ulikuwa nao."

"Nilidhamiria hivyo, afande. Wallahi. Nilimwita anipe jibu tu." Alivitazama viganja vyake. "Pigo la kwanza lilikuwa hasira. Yale manane yaliyofuata nilikuwa naona raha. Hilo ndilo linalonitisha."

Inspekta alitoa pingu.