Swichi ya Chumba cha Nyuma

Tak.

Sauti moja tu, kavu, kama ya kijiti kinachovunjika gizani. Nelima alikuwa macho, mtoto kifuani, na aliijua sauti ile. Ilikuwa swichi ya ukutani, ile ya chumba cha nyuma. Akangoja. Mwanga wa manjano ukapenya chini ya mlango, ukalala sakafuni, ukakaa. Kisha tak, na giza likarudi.

Hakuna aliyelala chumba cha nyuma. Mumewe, Wangila, alifundisha shule kule Kamukuywa na alirudi nyumbani Matisi wikendi tu. Mama mkwe, Nakhumicha, aliyekuja kutoka Kabuchai kumsaidia kulea, alikuwa sebuleni, na Nelima alimsikia akikoroma. Au alimsikia akiacha kukoroma.

Asubuhi alimkuta mama mkwe amekaa mlangoni, sufuria ya kunde magotini, anachambua majani.

"Mama, usiku ulienda kule nyuma?"

"Nitafute nini huko?"

"Taa ilijiwasha. Ikajizima."

"Basi ni waya. Tafuta fundi." Nakhumicha hakuinua macho. Alichambua jani lile lile mara mbili.

Nyumba ilikuwa ya Wangila, aliijenga kabla hajaoa. Kwa miaka ilikaa na wapangaji, na wapangaji hawakukaa. Mtoto alipozaliwa Wangila alisema inatosha, wahamie nyumba yao wenyewe. Tangu siku waliyohamia mtoto hakulala usingizi wa maana. Alinyonya kidogo, akaachia titi, akageuza macho juu, darini, akalia. Mashavu yake yalikuwa yameanza kuingia ndani. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa.

Hata jina hakuwa nalo. Katika ukoo wa Wangila mtoto anapolia, bibi huyaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Nakhumicha aliyaita yote. Aliita ya babu, ya babu wa babu, ya wajomba waliokufa vitani. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Ikabidi waendelee kumwita Toto.

Nelima aliandika kwenye grupu ya mtaa: nani anajua fundi wa stima mzuri? Majibu yakaja mengi, na nusu yake yalimtaja Dancan, kwa sababu Dancan alikuwa karibu na alikuwa hakatai kazi.

Alikuja na testa, kile kijibisibisi cha kupimia umeme, imechomekwa mfukoni kama kalamu.

"Niaje madam. Ni stima inakusumbua, ama ni mzee?"

Nakhumicha alikohoa sebuleni.

"Sori shosho! Natania tu." Akaegemeza ngazi, akafungua kifuniko cha dari, akapanda anapiga mluzi. Mluzi ulisikika ukitembea juu ya sebule, juu ya korido, ukielekea nyuma. Hapo ukakatika.

Nelima alisubiri kwenye ngazi. Harufu ikamshukia kutoka juu, harufu ya plastiki iliyoungua, na chini yake nyingine, ya nywele. Kisha miguu ya Dancan ikatokea, mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Madam, si ungesema tu uko na fundi mwingine?"

"Fundi gani?"

"Si huyo ako huko juu. Nimemsalimia, amenipea tu mgongo. Anafunga waya."

"Dancan, hakuna mtu huko juu."

Dancan alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akatazama lile shimo jeusi la dari. "Anatumia mkono ya kushoto," alisema taratibu, kama mtu anayejisomea.

Sebuleni sufuria ilianguka.

Dancan hakudai hata nauli. Aliacha ngazi, akaacha kiatu, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia. Jirani, Wakonyo, alimwita Nelima kwenye ua, akamnong'oneza juu ya kamba ya nguo.

"Hiyo ni jini, Mama Toto. Wale wa kwanza walitoka hapo usiku na godoro kichwani. Chukua mtoto uende kwenu."

"Nikaseme nini kwetu? Ati nimeshindwa na balbu?"

Baada ya hapo kila fundi aliyepigiwa simu alikuwa na kazi mahali pengine. Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme mjini ndiye aliyempa namba ya Cherop. "Ni wa kutoka mlimani, juu huko Elgon," alisema. "Ako na leseni, na hana maneno mingi."

Cherop alifika mchana, mawingu yameshaanza kukusanyika. Alikuwa mwanamke mrefu, buti za mpira miguuni. Hakupanda popote. Alienda kwanza kwenye swichi kuu, akaishusha, akafunga kifuniko kwa kufuli lake mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akaingia chumba cha nyuma, testa mkononi, na kufungua ile swichi ya ukutani kwa bisibisi. Alipoitoa, aliinama akachungulia tundu.

"Mama Toto. Nani aliwaambia hii swichi inafanya kazi?"

"Inawasha hiyo balbu. Kila usiku."

"Haiwezi. Angalia. Haina waya. Hii chumba haijawahi kupigwa waya. Waliweka tu swichi na holda ya balbu, wakaacha hivyo." Akaiweka ile swichi sakafuni, katikati yao, kipande cha plastiki nyeupe kisichoshikana na kitu chochote duniani.

Tak.

Ilijibonyeza pale sakafuni, na balbu juu yao ikawaka.

Cherop alipapasa mfuko wake, akaushika ufunguo wa kufuli, akaubana kama mtu anayebana mkono wa mwenzake. "Mtoto ako wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini sana.

Mtoto alikuwa chumbani kwa Nelima, kwenye kitanda chake kidogo cha mbao, walichokihamisha kutoka chumba cha nyuma wiki iliyopita. Walipoingia walimkuta kimya, macho wazi, mkono umenyooshwa. Ukutani, sentimita chache juu ya mto wake, pasipokuwa na kitu asubuhi ile, palikuwa na tundu jipya, vumbi la saruji bado linamwagika, na kutoka kwenye tundu waya mbili zilizomenywa, shaba yake inang'aa kama kitu kizuri, na vidole vya mtoto vikizifuata.

Nelima alimnyakua. Ncha ya kidole chake kidogo ilikuwa na alama nyeusi, ndogo kama punje ya wimbi. Mtoto akaanza kulia.

Cherop aliinama akatazama ndani ya tundu, mahali waya zilipoungwa, zilivyosokotwa kuelekea kushoto, tepu imekunjwa ncha ikaingizwa ndani isionekane. Akavuta pumzi.

"Huu mkono naujua," alisema. "Nilisoma na yeye ufundi, poly hapa Kitale. Mwalimu alikuwa anampiga kwa kufunga hivi, na hakuacha. Tulimwita Lefti. Nilisikia alikufa kazini, lakini sikujua ni..."

"Usiseme!" Nakhumicha alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa kimelegea. "Wewe msichana, usimtaje kwa hii nyumba."

Nelima alimgeukia. "Mama, ni nani?"

Mvua ikaanza kupiga mabati, na ndani ya mvua, juu yao, wakasikia goti likisogea kwenye mbao, na koleo la kukatia waya likiwekwa chini.

"Ni mwanangu," Nakhumicha alisema mwishowe. "Mdogo wa Wangila. Ndiye alipiga waya hii nyumba."

Nelima alijua mumewe alikuwa na ndugu aliyekufa. Hilo tu. Alipouliza jina wakati wa posa, chumba kizima kilinyamaza, na hakuuliza tena.

Nakhumicha alisimulia akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayetapika. Siku ile stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Kijana akaona hakuna haja ya kushusha swichi kuu, akapanda darini amalizie chumba cha nyuma. Wao walikuwa chini, wanakunywa chai. Na stima iliporudi walifanya vile kila mtu hufanya. Waliruka, wakapiga makofi, wakapiga kelele, "Stima imerudi!" Yeye mwenyewe, mama yake, alipiga kelele kuliko wote. Walikuja kujua kwa harufu.

Huko Kabuchai wazee wa ukoo walikaa wakabishana kama umeme wa waya ni sawa na radi. Waliouawa na radi hawazikwi bomani na majina yao hayaitwi, yasije yakamwangukia mtoto na kumwitia moto. Wazee wakaamua moto ni moto. Wakamzika kando ya mto, bila nyimbo, na wakamwambia mama yake asilitamke jina lile tena. Naye hakulitamka, hata siku alipokuwa anamwitia majina mjukuu wake. Aliliruka.

"Ndio maana mtoto hakunyamaza," Nelima alisema.

"Nilikuwa namlinda!"

Cherop alikuwa amerudi ukutani, uso umekwajuka. "Sisi mafundi," alisema, "mtu akiwa darini, kabla stima iwashwe unamwita kwa jina. Akiitika, anashuka. Ndio unawasha. Huyu hakuna mtu alimwita. Hajui kazi imeisha." Akameza mate, akainua kichwa, akaita: "Lefti! Wewe Lefti! Shuka bana, ni mimi Cherop!"

Juu koleo likaokotwa, na kazi ikaendelea.

"Hilo ni la shule," Cherop alinong'ona. "Hilo sio jina."

"Tutoke," Nelima alisema, "tutoke tu," na akaenda na mtoto kwenye mlango wa mbele, ule wa chuma, lakini kabla hajafika vinyweleo vya mikono yake vilisimama, na testa mkononi mwa Cherop ikawaka yenyewe, nyekundu, ingali mbali na mlango hatua nzima, na mlango ukaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na mlango wa jikoni ukauitikia kutoka upande wa pili, na swichi kuu ikiwa imeshushwa, na kufuli likiwa limefungwa, na ufunguo ukiwa mfukoni, balbu zote za nyumba ile zikawaka kwa pamoja, nyeupe, kali, mchana ule wenye giza la mvua, na ukutani karibu na bega la Nelima rangi ikavimba, ikapasuka, na saruji ikaanza kumwagika kidogo kidogo kama unga, na ncha moja ya shaba ikachungulia, ikageuka, ikatafuta sauti ya mtoto anayelia.

"Mama," Nelima alisema. Alirudi nyuma, ncha ikamfuata. "Mama, mimi silijui. Ningelijua ningelisema."

"Likitajwa litamwangukia mtoto. Wazee walisema."

"Na lisipotajwa? Angalia kidole chake, mama!"

Nakhumicha aliangalia. Alikishika kile kidole kidogo chenye alama nyeusi, akakileta karibu na macho yake mazee, kisha akakiachia. Akatembea mpaka chini ya shimo la dari, mahali ngazi ya Dancan ilipokuwa bado imeegemea. Akavua kitambaa cha kichwa. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito pale, naye akaivuta yote, kama mtu anayenusa nguo ya mtoto wake.

Juu, koleo lilitulia.

Akaweka viganja kando ya mdomo. Ndivyo alivyokuwa akifanya zamani, akisimama ukingoni mwa mashamba ya miwa, jua likizama na chakula kikipoa, akimwita kijana aliyesahau kurudi. Mtoto mikononi mwa Nelima alikata kilio katikati, akageuza uso kumtazama bibi yake, akangoja.

"Kazi imeisha, mwanangu," Nakhumicha aliita. "Shuka ule. Shuka, Mukhisa."