Mchuzi wa Nyumba ya Muuza Nyama

Nyumba ya muuza nyama haina siku ya mboga. Hayo yalikuwa maneno ya Mapande mwenyewe, na aliyasema kwa kujidai. Majirani walimcheka, lakini moyoni walimwonea wivu.

Mapande halikuwa jina lake. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kukata vipande vidogo. Unamwomba nyama ya mchuzi, yeye anakukatia mapande ya kujengea msingi wa nyumba! Bucha lake lilikuwa mwisho wa mtaa, na kila jioni alirudi nyumbani na furushi la nyama iliyobaki kwenye ndoano. Mkewe alimpokea mlangoni.

Jioni zote zilikuwa hivyo. Mkewe anapika, anapakua. Mapande anaonja kijiko cha kwanza, anafumba macho, kisha anasema, "Eee! Nyama hii nimeichagua mwenyewe. Onjeni utamu wa ng'ombe!"

Mkewe alicheka tu, akamwongezea mchuzi.

Mwaka jana mke huyo alifariki. Alikuwa na presha, akapata kiharusi, na wiki hiyohiyo wakamzika. Sasa furushi la nyama lilipokelewa na binti mkubwa wa Mapande. Binti huyo alikuwa fundi wa kushona. Nyumbani walimwita Dada, hata baba yake alimwita hivyo, kwa kumwiga mtoto wake mdogo.

Dada alikuwa na hamu na mama yake. Hakutamani mambo makubwa. Alitamani kusikia kandambili zake zikiburuzika kwenye sakafu. Alitamani kumsikia akiugombeza mkaa usiotaka kushika moto. Zaidi ya yote, aliitamani harufu ya mchuzi wake. Zamani, akitoka kwenye cherehani amechoka, harufu ile ilimpokea getini hata kabla hajabisha hodi.

Kwa hiyo kila jioni aliitafuta. Alipika nyama ya paja, hakuipata. Alipika ya mbavu, hakuipata. Akaongeza mafuta, akaongeza chumvi, akaongeza na vile viungo vya pakiti. Wapi! Baba yake alionja, lakini hakufumba macho. Alisema, "Asante, mwanangu," kisha akavuta kikopo cha chumvi. Asante hiyo ilimuuma Dada kuliko lawama.

Siku moja asubuhi, Mapande alikuwa bucha anamkatia mteja nyama. Ghafla dunia ikamzunguka. Panga likamtoka mkononi, likaanguka kando ya mguu wake. Wateja wakamdaka kabla hajaanguka yeye. Dada aliitwa, akaacha nguo ya mtu kwenye cherehani, akakimbia na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi aliyewapokea alikuwa Mama Pacha, jirani yao wa ukuta mmoja, rafiki mkubwa wa marehemu mama. Alimfunga Mapande kipimo kwenye mkono, akapima. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Shemeji, presha yako iko juu sana," alisema. "Daktari atakuandikia dawa, na dawa utameza kila siku, hata ukijisikia mzima. Lakini dawa peke yake haitoshi. Lazima upunguze nyama nyekundu, mafuta na chumvi. Chakula chako kingi kiwe mboga, kunde, maharage na matunda."

Mapande akatoa macho. "Wewe! Unamwambia muuza nyama asile nyama? Wateja wangu wakisikia?"

"Wateja wako watapata bucha lingine. Watoto wako watapata wapi baba mwingine?" Mama Pacha alishusha sauti. "Ugonjwa huu naujua, shemeji. Umeshaingia nyumba hiyohiyo, ukatuchukulia mtu. Sitaki kuuona tena."

Mapande alimwona daktari, akachukua dawa, wakaondoka.

Njiani Dada alimshika baba yake mkono. Aliogopa. Mzazi aliyebaki ni huyu mmoja. Lakini kulikuwa na jambo jingine moyoni, na alilionea aibu. Aliwaza, "Nyama ikiondoka jikoni, mchuzi wa mama sitaupata tena maisha yangu yote."

Basi wakaanza kula mboga. Siku ya kwanza Dada alichemsha majani mpaka yakapoteza rangi, akayamwaga sahanini pamoja na maji yake. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, aliyekuwa anasoma sekondari, aliyaangalia kwa muda mrefu.

"Dada," aliuliza, "leo tunakula au tunalishwa?"

"Kula, usiniletee maneno."

"Hata mbuzi huchagua jani!"

Mapande alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Kesho yake alikula kimoja. Siku zikapita, suruali ikaanza kumpwaya. Dada alishona huku anawaza: presha isipomuua, njaa itamuua.

Kisha jioni moja Mapande alirudi na kopo kubwa kwapani, uso wake umechangamka. Kopo lilijaa mafuta meupe yaliyoganda. Aliyapata kwa kuyeyusha yale mafuta anayoyaondoa kwenye nyama pale bucha.

"Kaangia mboga haya," alimwambia Dada.

"Baba, Mama Pacha alisema..."

"Mama Pacha alisema nipunguze nyama. Haya ni nyama? Si mafuta tu!"

Dada akakaanga. Kusema kweli, mboga zilinoga. Siku ya pili Mapande akaleta mifupa, maharage yakachemshiwa ndani ya supu yake. Kitindamimba akaacha kulalamika. Chumvi nayo ikarudi mezani. Mapande alikula, akajipigapiga tumbo. "Mnaona? Mboga si mbaya. Na nyama sijala hata kipande!"

Usiwacheke sana, msomaji. Katika nyumba ile, nyama ilikuwa ile unayoiweka kwenye mzani. Mafuta na mifupa vilikuwa ni takataka tu za bucha.

Baada ya wiki kadhaa wakarudi zahanati. Mama Pacha akapima. Presha ilikuwa bado iko juu, imeshuka kidogo tu.

"Shemeji, dawa unameza?"

"Nameza kila siku. Muulize Dada."

"Nyama?"

"Sijaigusa! Haki ya Mungu."

Mama Pacha alimtazama, akamtazama na Dada. Dada akainamisha kichwa. "Sawa," akasema Mama Pacha. "Nikitoka kazini nitapita kwenu."

Alipita kweli. Alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa shikamoo na kiti. Kiti hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akanusa. Akafunua kopo.

"Lo! Lo, lo, lo!" Akashika kiuno. "Ng'ombe mmemtoa mlangoni, mkamrudisha dirishani!"

Kitindamimba alicheka mpaka akakaa chini. Mapande alijikuna kisogo. "Lakini hayo ni mafuta tu, shemeji."

"Ndiyo yenyewe hasa! Mafuta ya mnyama yanayoganda hivi yanajenga utando ndani ya mishipa ya damu. Mshipa unakuwa mwembamba, na moyo unasukuma damu kwa nguvu. Na chumvi hii inaongeza presha. Vile viungo vya pakiti navyo vimejaa chumvi, ila hamuioni." Alilifunika kopo. "Tumieni mafuta ya mimea, kijiko kimoja au viwili kwa sufuria nzima. Chumvi ya kuokota kwa vidole, na isikae mezani."

"Basi tutakula nini chenye ladha?" Mapande aliuliza kwa unyonge.

Hapo Dada akashindwa. Machozi yakamtoka. "Ladha ya mama ndiyo imepotea," alisema. "Nimeitafuta kwenye kila nyama. Nimeitafuta kwenye mafuta. Sasa nyama yenyewe ndiyo hiyo inakatazwa. Nitaitafuta wapi?"

Mapande aliangalia sakafu. Hakujua kwamba mtoto wake alikuwa anatafuta kitu kilekile anachokitafuta yeye.

Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa karibu na Dada. "Mwanangu, wewe ulikuwa kwenye cherehani mama yako akipika. Ukirudi, mchuzi uko tayari. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta huu. Nilimfuata kwa pua. Jua likiwa bado kali, kitunguu kinaanza. Narudi kutoka dukani, bado kitunguu. Naanua nguo, bado kitunguu! Kinakwenda polepole mpaka kinakuwa cha kahawia. Kisha nasikia kinu, tangawizi na vitunguu saumu. Kisha bizari. Kisha nyanya. Nyama ilikuja mwisho kabisa. Wewe kitunguu unakikaanga muda gani?"

Dada akafuta pua. "Kikianza kulainika tu natia nyama. Nikirudi kutoka kazini nina haraka."

"Basi. Loweka maharage leo. Kesho ni siku yako ya mapumziko. Tutapika."

Kesho yake Mama Pacha alikuja amejifunga kanga kiunoni. Kwanza aliyamwaga maji ya kulowekea maharage. "Ukiyamwaga haya, tumbo halijai gesi," alisema, "na kitindamimba hatatutia aibu mbele ya watu." Wakayachemsha kwa maji mapya mpaka yakalainika kabisa.

Kisha wakakata vitunguu vingi. Dada akatia vijiko viwili vya mafuta ya mimea, akatia vitunguu, akachukua kipepeo kupepea mkaa.

"Weka chini hicho kipepeo! Unamkimbiza nani?"

"Vitachelewa."

"Acha vichelewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Wakakaa. Dada alikoroga, akapumzika, akakoroga. Vitunguu vikalainika, vikawa vya njano, na baadaye sana vikaanza kuwa vya kahawia. Wakatia tangawizi na vitunguu saumu vilivyotwangwa, na bizari nzima iliyokaushwa kwenye moto. Wakatia nyanya, wakaziacha zikauke mpaka mchuzi ukashika mwiko.

Ndipo harufu ikaja.

Dada alisimama na mwiko mkononi. "Ni hii," alisema. "Mama Pacha, ni hii!" Akalia bila kujificha, na Mama Pacha akalia naye, kwani yeye pia harufu hiyo alikuwa hajaisikia ukutani tangu msiba.

Wakatia maharage, wakaacha yachemke kidogo, wakakamulia ndimu. "Ndimu inamfanya mtu asiidai chumvi," alisema Mama Pacha. Pembeni wakapika majani ya kijani, kwa muda mfupi tu, yakabaki kijani. Wakakata na papai.

Mapande alirudi jioni, mikono mitupu. Alifika getini akasimama. Kitindamimba alimwona pale, hasogei, ameshika komeo la geti.

"Nani yuko jikoni?" Mapande aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, baba," Dada akajibu.

"Aa. Sawa." Lakini alikaa pale kidogo kabla ya kuingia.

Walipakua, na Mama Pacha akakaa kula nao. Mapande akachota kijiko cha kwanza. Akala. Akafumba macho. Dada akamtazama. Alipofumbua macho, Mapande alianza kuchakura bakuli kwa kijiko, akigeuza maharage huku na huku.

"Umeweka nyama," alisema.

"Sijaweka, baba."

"Hata mfupa?"

"Hata mfupa. Kopo nalo tumelitupa."

Mapande aliweka kijiko chini. Akajifuta uso kwa kiganja. "Miaka yote ile," alisema, "jioni zote zile, nilikuwa namsifu ng'ombe. Na yeye anacheka tu." Alimgeukia Mama Pacha. "Kwa nini hakuniambia?"

"Sijui, shemeji. Labda alikuwa anangoja uone mwenyewe."

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Leo maharage, kesho dengu au kunde, keshokutwa choroko. Majani ya kijani kila siku, na matunda. Walikula mayai na maziwa kiasi. Nyama hawakuikataa kabisa. Mara moja kwa wiki Dada alipika kidogo, na Mapande, kwa taabu kubwa, alijifunza kukata vipande vidogo. Dawa hakuacha. Miezi ikapita, presha ikashuka, daktari akafurahi. Kizunguzungu hakikurudi. Sasa Mapande alisimama bucha kutwa nzima, na mteja akija kununua nyama ya mchuzi anaulizwa kwanza, "Kitunguu unacho? Na una subira?"

Alijifunza hata kupika. Siku Dada alipokuwa na kazi nyingi za kushona, Mapande alifunga bucha mapema. Alikaa kwenye kigoda cha mkewe, akakoroga vitunguu taratibu. Kipepeo hakukigusa. Alipokuwa peke yake alizungumza na sufuria, na hakuna aliyemuuliza anasema nini.

Jioni moja alipakua yeye mwenyewe. Kitindamimba akaonja, akaruka. "Baba! Maharage haya matamu!"

Mapande akatikisa kichwa. "Usiyasifu maharage, mwanangu. Mimi nilifanya kosa hilo na ng'ombe. Msifu mama yako."

Wakamsifu, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka sufuria ikaisha.